Hofu ya Vita Ilivyowapeleka Ng'ambo Walimu wa Lugha wa Marekani

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa lugha ya kigeni katika sekondari ya Marekani angeweza kufundisha mpaka akastaafu bila kukanyaga nchi inakozungumzwa lugha hiyo, na hakuna aliyeshangaa. Somo lililopewa heshima kubwa lilikuwa Kilatini, ambacho hakina tena wenyewe wa kutembelewa. Kifaransa na Kijerumani vilipopata nafasi vilifundishwa vivyo hivyo: sarufi, tafsiri na kukariri vitenzi.

Kijerumani kilikuwa na nguvu ya pekee kwa sababu wahamiaji walikizungumza majumbani na makanisani. Mwaka 1915 karibu robo ya wanafunzi wa sekondari walikuwa wakikisoma. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, somo hilo likaanza kufutwa shule hadi shule, na ilipofika 1922 waliobaki hawakutimia hata mmoja katika mia. Jimbo la Nebraska lilipitisha sheria mwaka 1919 ya kukataza mtoto asifundishwe lugha ya kigeni kabla ya kufaulu darasa la nane. Mei 1920, mwalimu Robert Meyer wa shule ya kanisa mjini Hampton alikutwa akimsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi za Biblia kwa Kijerumani, akatozwa faini ya dola 25. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimwondolea hatia mwaka 1923. Meyer akashinda, lakini Kijerumani hakikurudia tena hadhi yake ya awali.

Mwaka 1929 utafiti mkubwa ulioongozwa na Algernon Coleman ulibaini kwamba wanafunzi wengi husoma lugha kwa miaka miwili tu, ukashauri lengo liwe kuweza kusoma maandishi. Kwa hesabu ya miaka miwili, ushauri ulikuwa na mantiki. Kilichofuata ni kwamba mwalimu asiyeweza kuzungumza lugha anayoifundisha alipata kinga ya kitaalamu.

Kinga hiyo iliondolewa na Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi lilihitaji watu wa kuzungumza Kijerumani, Kijapani na Kirusi, si wa kutafsiri aya, na kuanzia 1943 liliwapeleka askari vyuoni kujifunza kwa kusikiliza na kutamka. Vita vilipokwisha, Seneta J. William Fulbright wa Arkansas aliona njia ya kugharimia masomo ya ng'ambo bila kugusa sana hazina ya serikali: vifaa vya jeshi vilivyobaki nje viuzwe kwa nchi vilipo, na fedha za nchi hizo zilipie safari za wasomi na walimu. Rais Truman alitia saini sheria hiyo Agosti 1, 1946. Chini ya mpango huo walimu wa sekondari walianza kubadilishana nafasi: mmoja anakwenda kushika darasa la mwenzake wa ng'ambo, na mwenzake anakuja kushika lake.

Fedha nyingi zaidi zilikuja kwa sababu ya Sputnik. Warusi walirusha setilaiti hiyo Oktoba 4, 1957, na kabla ya kutimia mwaka mmoja Rais Eisenhower alikuwa amesaini sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, ikizitaja lugha za kigeni bega kwa bega na sayansi na hisabati. Kuanzia 1959 walimu waliitwa kwenye mafunzo ya likizo ya kiangazi vyuoni, mengine yakifanyika ng'ambo. Aliyefundisha shule ya serikali alilipwa dola 75 kwa wiki, na dola 15 kwa kila mtu anayemtegemea.

Sheria hiyohiyo ilichangia ununuzi wa maabara za lugha. Mwanafunzi aliketi ndani ya kijumba kidogo, vipokea sauti masikioni. Kanda ilitamka sentensi, ikanyamaza kidogo ili airudie, kisha ikatamka tena ajisahihishe. Mbele, mwalimu alikaa kwenye meza ya swichi akimsikiliza mmoja baada ya mwingine. Kanda ilibeba sauti ya mwenye lugha, hivyo ilimsitiri mwalimu ambaye hajasafiri, ila haikuweza kujibu swali. Mazoezi ya kurudia yaliwachosha wanafunzi, na vijumba vingi viliishia kukaa bure.

Safari zilidumu kuliko mashine. Sheria ya Fulbright-Hays ya 1961 iliiwezesha serikali kupeleka ng'ambo makundi ya walimu na wanafunzi wa vyuo kwa semina au kozi nzito za lugha. Baadhi ya makundi hayo yamekuja Tanzania kujifunza Kiswahili.

Hofu ya Sputnik ilipopoa, vyuo vikuu vingi vilifuta sharti la lugha mwishoni mwa miaka ya 1960, na sekondari zikapoteza wanafunzi. Tume ya Rais Carter ilitoa ripoti kali kuhusu hali hiyo mwaka 1979. Mwaka 1986 chama cha walimu wa lugha kilitoa viwango vya kupima kile ambacho mtu anaweza kukifanya kwa lugha yenyewe, na mazungumzo na mtahini yakawa kipimo hata cha walimu wanaoomba leseni katika baadhi ya majimbo. Kipimo kikapanda bila fungu la safari kupanda nacho: katika bajeti ya 2011 Bunge lilikata takriban asilimia 40 ya fedha za masomo ya lugha na maeneo ya kigeni, zikiwemo za Fulbright-Hays.