Baklava na Mzozo wa Asili Yake

Ni nadra chakula kuwatia watu hamaki kama ile itokayo katika ugomvi wa mipaka. Walakini mwaka 2006, baklava ilipotajwa katika Siku ya Ulaya kuwa ni andazi la Kupro, waokaji wa Kituruki walighadhibika wakapinga hadharani, kwani kwao andazi hilo la unga uliosukumwa hata ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, likapangwa tabaka juu ya tabaka kwa samli, likatiwa jozi au pistashio na kunyweshwa shira, ni urithi wa wazee wao.

Wayunani nao hudai kuwa baklava ni yao, na dai lao lina mtetezi hodari, naye ni mwanahistoria Speros Vryonis, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1971 aliinasibisha baklava na kitamu cha kale kilichoelezwa na Athenaeus, mwandishi wa Kiyunani wa zama za kale. Charles Perry, mtafiti wa mapishi ya Mashariki, alirejea maelezo yale yale akaona kwamba tabaka zake zilikuwa za ufuta uliopondwa na asali, wala hapana unga uliosukumwa hata kidogo. Kwa rai yangu, hoja ya Vryonis haikusimama tena.

Ushahidi wenye uzito zaidi watoka pande mbili. Baghdad ya Makhalifa ilikuwa na lauzinaj, ambayo al-Baghdadi aliiandika katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1226: lozi na sukari zilizopondwa kwa marashi ya mawaridi, zikakunjwa ndani ya unga mwembamba, kisha zikamiminiwa shira. Waturuki nao, kabla hawajamiliki miji mikubwa, walikuwa na mikate ya tabaka iliyotajwa na Mahmud al-Kashgari katika kamusi yake ya karne ya 11. Wala si ajabu watu wa kuhamahama, wasiokuwa na tanuri, kupenda mkate mwembamba uivao upesi juu ya chuma. Naamini ustadi wa tabaka ni wa hawa, na ladha ya njugu na shira ni ya wale.

Hata hivyo, aliyeikamilisha ni mpishi wa kasri. Katika majiko ya Topkapi mjini Istanbul ndimo unga ulimosukumwa kwa wembamba usiokuwa na kifani, na tangu hapo baklava ikawa na jaha katika dola ya Uthmaniya. Kila tarehe 15 ya Ramadhani Sultani aliwatunuku Yanisari, askari wake wa miguu, sinia moja kwa kila watu kumi. Sinia zikafungwa kwa vitambaa, zikatundikwa juu ya miti, zikachukuliwa na askari wawili wawili, na msafara mzima ukatoka kasri kuelekea kambini huku watu wa mji wamejipanga njiani kutazama. Ada hiyo ilikoma mwaka 1826, pale Sultani Mahmud II alipolivunja jeshi la Yanisari.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliisajili baklava ya Antep, yaani ya mji wa Gaziantep, ikawa bidhaa ya kwanza ya Uturuki kupata hifadhi ya jina katika Umoja huo. Lakini kilichohifadhiwa ni jina la Antep na namna ya mji ule ya kuipika. Jina la baklava lenyewe halikupewa taifa lolote.