Daftari za Njoro Zilitangulia Kompyuta

Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde ulipozinduliwa Machi 2025, gumzo lilielekea Nairobi na Konza: vituo vya data, kompyuta zenye nguvu, vijana wa programu. Wanaotaka Kenya iwe na taasisi yake ya kitaifa ya sayansi ya data hupenda kuitaja ile ya Uingereza, Alan Turing, iliyoanzishwa mwaka 2015 ikiwa na makao yake ndani ya Maktaba ya Uingereza jijini London, kisha mwaka 2017 ikaongezewa jukumu la akili unde. Kazi zake zilitapakaa, kuanzia afya na uchumi hadi hali ya hewa na ulinzi. Lakini mkazi wa Molo hana haja ya kwenda London kutafuta mfano. Akiteremka kwa barabara ya Njoro atakuta kituo cha utafiti wa ngano ambacho kimekuwa kikipima na kuandika tangu 1927. Ninavyoisoma historia ya kituo hicho, akili unde huanzia kwenye kipimo kilichochukuliwa kwa uangalifu shambani, na taasisi itakayotanguliza ununuzi wa mitambo itakuwa imeanzia mwishoni.

Ngano ililetwa Njoro na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere akiwa mstari wa mbele. Ugonjwa wa kutu ukamwonyesha cha mtema kuni. Mmea uliositawi wiki chache zilizopita ungekauka kabla ya punje kujaa, na mbegu zilizosifiwa ng'ambo hazikufua dafu hapa. Delamere akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, na baadaye serikali ya kikoloni ikafungua kituo. Tusijidanganye kuhusu walengwa: kituo kilijengwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya Wazungu, na Waafrika waliokuwa humo walikuwa vibarua na maskwota. Daftari zilizoanza wakati huo, hata hivyo, ziliwazidi umri waliozianzisha.

Kinachoandikwa humo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Msimu wa ukaguzi ukifika, mtafiti hupita mstari kwa mstari, akainama na kushika shina la ngano. Kutu ya shina huacha vidonda vyenye unga mwekundu wa kahawia. Anakadiria sehemu iliyoliwa, kisha anaandika alama fupi: 60S ni asilimia 60 ya shina kwenye mmea usio na kinga, 10MR ni asilimia 10 kwenye mmea wenye kinga ya wastani. Ugonjwa wenyewe hausubiriwi. Mistari ya ngano dhaifu hupandwa kuyazunguka majaribio, mashina yake yakadungwa sindano yenye viini vya kuvu, upepo ukamalizia kazi. Kutu kali iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ikapewa jina Ug99, ilipozusha hofu ya njaa duniani, Njoro ikawa uwanja wa kujaribia ngano ya mataifa mengi. Tangu 2005 maelfu ya mbegu hupimwa hapo, misimu miwili kwa mwaka. Alama hizo zikilinganishwa na vinasaba vya kila mbegu, watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano chenye makao Mexico, hufunza modeli za kutabiri kinga ya mbegu ambayo bado haijafika shambani. Akili unde hiyo imefunzwa na jicho la mtu aliyeinama kwenye tope la Njoro.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni mambo ya kilimo, na kompyuta ni kitu kingine. Amesahau takwimu za kisasa zilikotoka. Watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walianza kupima ngano katika shamba la Broadbalk mwaka 1843, na ni mwaka 1919 tu ndipo mwanatakwimu Ronald Fisher alipoajiriwa kuzichambua rekodi zilizorundikana. Mbinu alizozibuni hapo ni sehemu ya misingi ya sayansi ya data hadi leo. Daftari zilimsubiri mwenye akili kwa miaka 76. Isitoshe, modeli haiishi kwa rekodi za jana. Aina ya ngano iitwayo Robin, iliyokuwa imeenea kwa wakulima wetu, ilizidiwa na kutu ya aina mpya mwaka 2014, na waliojua mapema ni wale waliokuwa bado wanapima.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba taasisi ya kitaifa haiwezi kufungwa kwenye ngano, kwa kuwa nchi ina hospitali, misitu na kodi za kushughulikia. Nakubali. Ila upana nao una gharama zake: mwaka 2025 serikali ya Uingereza iliibana taasisi ya Turing ielekeze nguvu kwenye ulinzi, baada ya malalamiko kwamba imejitawanya mno. Njoro ilijulikana duniani kwa kung'ang'ania ugonjwa mmoja. Ningependelea taasisi yenye matawi yaliyokita pale ambapo kipimo kipo tayari, au pale ambapo kukosekana kwake kunaumiza.

Na Molo kunaumiza. Wazee wanaikumbuka pareto: maua yalikaushwa, yakapelekwa Nakuru, yakapimwa kiasi cha dawa ya kuua wadudu iliyomo, na mkulima akalipwa kulingana na kipimo hicho. Maabara ilikuwepo na tarakimu zilikuwepo. Malipo yalipoanza kuchelewa, watu waling'oa maua wakapanda viazi. Sasa viazi navyo vina lumbesi, gunia lililoongezewa kilemba cha nyavu na kamba hadi likazidi uzito wake, ilhali dalali analihesabu kuwa moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini lumbesi haikukoma. Mkulima anayesema alivuna magunia 40 na mwenzake anayesema hivyo hivyo huenda wamepishana kwa mamia ya kilo, na modeli ya kutabiri mavuno itawaandika sawa. Kifaa cha kwanza cha taasisi hiyo hapa Molo kingefaa kuwa mizani, ikae sokoni, na risiti yake apewe aliyelima.