Bahari ya kwetu iko Muanda: kwa nini ni mbali hivi?

Leo ninawaletea historia iliyoanza na mpango wa safari.

Tulikuwa saba, wote wa promosheni moja. Tulisema, kabla ndoa na kazi hazijatutawanya, twende mara moja kuona bahari. Huyu akataja Mombasa, yule Zanzibar, mwingine Dar es Salaam. Mdogo wa mwenzetu, aliyekuwa anatumiminia chai, akauliza: «Yaya, na bahari ya kwetu?»

Tukacheka. Mmoja akamujibu: «Ile iko tu kwenye karte.»

Mimi nilicheka pia, lakini nilirudi nyumbani na haya. Nimesoma historia miaka mizima, na sikuweza kumwambia mtoto yule namna ya kufika kwenye bahari ya inchi yake. Kesho yake nikafungua daftari, nikaandika juu ya ukurasa: Goma–Muanda.

Kule kuna nini? Kuna hifadhi, Parc Marin des Mangroves, iliyoundwa mwaka 1992 mahali mto Kongo unapoingia Atlantiki. Mwaka 1996 iliandikwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima, ikiwa na hekta 66,000. Kuna mikoko inayopita mita 20, kuna viboko, kuna nguva kwenye mifereji ya maji, na kasa wanapanda muchanga usiku kutaga mayai. Ndiyo hifadhi yetu moja tu inayogusa bahari, maana pwani yetu yote ni kama kilomita 40. Inchi ya kilomita mraba zaidi ya 2,300,000 inapumua kwa tundu dogo vile!

Tundu hilo lilichorwa Ulaya. Wakati wa mkutano wa Berlin, Novemba 1884 mpaka Februari 1885, Leopold wa Pili alipatana na Ufaransa na Ureno. Wareno wakabaki na Cabinda na ukingo wa kusini wa mto. Yeye akapata Banana na ukingo wa kaskazini. Kila kipande cha njia ya kufika baharini kilikuwa dhahabu. Mwaka 1927 Ubelgiji iliwapa Wareno kama kilomita mraba 3,500 upande wa Dilolo, ili ipate kilomita mraba 3 tu karibu na Matadi, kwa ajili ya reli na bandari. Soma tena hesabu hiyo polepole.

Sasa turudi kwenye daftari. Hatua ya kwanza: Goma–Kinshasa. Barabara ya kukupeleka moja kwa moja, hakuna. Zamani tulipanda avio, lakini uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Njo maana nikaandika: kupitia inchi jirani. Kwenda kwenye mji mkuu wetu, tunaanza kwa kupigiwa muhuri kwenye paspoti.

Hatua ya pili: Kinshasa–Matadi. Hapo kuna reli iliyojengwa kuanzia 1890 mpaka 1898. Hesabu rasmi ya waliokufa wakiijenga ni Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Ilijengwa kutoa pembe na mpira. Kuunganisha watu wa inchi hakukuwa kwenye mpango.

Na sisi wa mashariki? Tulifungwa kamba upande mwingine. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Kabalo ikafika Kalemie, ng'ambo ya Tanganyika. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu za bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Ata leo magari, mafuta na nguo tunazovaa vinapanda kutoka Dar na Mombasa. Ukipima kwa mustari ulionyooka, Mombasa iko kama kilomita 1,200 kutoka hapa, na Muanda karibu 1,900. Lakini umbali mkubwa zaidi uliwekwa na watu, kwa reli na kwa mikataba.

Hatua ya tatu: Matadi–Boma–Muanda. Utavuka mto kwenye daraja la Matadi, lililofunguliwa 1983. Lilitengenezwa na nafasi ya reli, kwa sababu garimoshi lilipaswa kuendelea mpaka Banana. Reli hiyo haikujengwa.

Nilikuwa karibu kufunga daftari, nikakumbuka jambo moja. Agosti 1877, kundi lilifika Boma likiwa na njaa kali, baada ya kuvuka bara kutoka Bagamoyo kwa karibu miaka mitatu. Vitabu vinamutaja Stanley. Lakini waliobeba mizigo na kusukuma mitumbwi walikuwa watu wa Unguja na wa pwani, wenye kusema Kiswahili. Wengi hawakurudi kwao. Lugha yetu ilifika karibu na Muanda kabla ya Berlin, kwa miguu. Safari ile ilimfungulia Leopold mlango, ndiyo, na hatuwezi kuificha. Ila asiniambie mtu kwamba kule ni mahali pa wageni.

Kwa nini haraka? Mikoko inakatwa kwa makala na kwa kuni za kukausha samaki. Mafuta yanachimbwa pale Muanda tangu miaka ya 1970. Banana inajengewa bandari ya maji marefu, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Januari 2022. Bandari tunaihitaji, sikatai. Lakini sisi wa Goma tunajua makala yanafanya nini kwa pori, tumeona Virunga. Tunakasirika wakubwa wa Kinshasa wanaposema Virunga ni mambo ya watu wa kule. Na sisi tuliwahi kusema nini juu ya mikoko ya Muanda? Tulicheka tu.

Tumeanzisha likelemba ya safari. Kati ya saba tumebaki wane. Watatu wamesema wanangoja amani, na siwalaumu. Tunalenga miezi ya mvua, wakati kasa wanataga. Labda itatuchukua mwaka, labda miwili.

Mtoto yule ameweka franka zake mia tano. Ameomba tumuletee maji ya bahari kwenye chupa, aonje kama yana chumvi kweli.