Nani anapandisha wimbo? Kutoka Indépendance Cha Cha hadi mabanga

KASUNGAMI, LUBUMBASHI – Wimbo ukishika mtaa, unasikika kwa kinyozi, dukani na kwenye simu za vijana, asubuhi mpaka usiku. Watu wanasema: huu ndio wa kwanza sasa. Wazee wana methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini historia ya muziki wa Kongo inaonyesha kwamba hata kizuri kilitembezwa. Mara nyingi kulikuwa na mkono nyuma yake: redio, chama, kiwanda cha bia, ao mashabiki wenyewe.

Mfano wa kwanza uko karibu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Pale alirekodi kijana wa Bunkeya, Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco. Masanga, kazi yake ya gita, ikapata tuzo ya Osborn, ikafika Nairobi, London na Marekani. Utamu wake hakuna anayebisha. Hata hivyo, wapiga gita wengine wa kambi za wafanyakazi, ambao mashine ya Tracey haikuwafikia, walibaki kusikilizwa na jirani zao tu. Mwenzake Édouard Masengo naye alikwenda Nairobi, na sauti yake ikatumiwa kutangaza Coca-Cola. Tangu hapo biashara ilikuwa imeanza kuchagua nani asikike.

Siasa ikaingia kwa nguvu mwaka 1960. Wanasiasa wa Kongo walipokutana na Wabeljiji mjini Bruxelles katika Meza ya Duara, Joseph Kabasele na African Jazz waliwafuata. Hapo ndipo ulizaliwa wimbo Indépendance Cha Cha, mbele ya uhuru wenyewe. Ulitaja vyama na viongozi wao: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe na wengine. Kila upande ulisikia jina la mtu wake, na redio ikaupeleka mbali, hata nje ya Kongo.

Majina yaliyokaa pamoja ndani ya wimbo hayakukaa pamoja ndani ya inchi. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Mwezi wa Agosti Kalonji alifanya vile kwa Kasai ya Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville, mji huu huu wa Lubumbashi. Mwaka huo huo maelfu ya Waluba walikimbia nyumba zao wakajikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, hapa hapa mjini. Familia zinazoishi leo mbali na vijiji vyao zinajua maana yake: wimbo unaweza kuimba umoja, na waliotajwa ndani yake wakaubomoa.

Chini ya Mobutu, kazi ya kupandisha wimbo ilikuwa ya serikali. Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967, na redio na televisheni zilikuwa mkononi mwa dola. Katika masomo na makazini watu walicheza na kuimba sifa za Kiongozi katika kile kilichoitwa animasyo ya siasa. Mtu hakuuliza kama wimbo ni mtamu. Kukosa kuucheza kulikuwa na hatari yake.

Franco Luambo wa OK Jazz anaonyesha pande zote mbili. Wakati wa Zaireanisho alipewa kiwanda cha disiki cha Mazadis mjini Kinshasa, na mwenye kiwanda ndiye anayejua disiki ya nani itoke kwanza. Mwaka 1978 alitupwa gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Mwaka 1984 alitoa Candidat na biso Mobutu, wimbo wa kuwaomba watu wamchague Mobutu, wakati hakukuwa na mgombea mwingine. Wimbo ule ulipigwa kila pahali. Kupigwa na kupendwa ni mambo mawili.

Kisha redio za watu binafsi zilifunguka, na mkono ukabadilika. Wenge Musica ilipogawanyika mwishoni mwa mwaka 1997, JB Mpiana na Werrason walikuwa kama timu mbili za mpira. Mashabiki, wale mafanatike, walibishana barabarani nani amejaza Bercy vizuri zaidi: Werrason mwaka 2000 ao Mpiana mwaka 2001. Nyuma yao bia zilishindana pia, Primus upande wa Werrason, Skol upande wa Mpiana. Na ndani ya nyimbo mabanga yaliongezeka: majina ya matajiri, wakubwa wa jeshi na wanasiasa, yanayotajwa kwa malipo ao kwa kutafuta ulinzi.

Mashabiki wanaweza pia kuangusha. Hasa kisha uchaguzi wa mwaka 2011, Wakongo wa Ulaya wanaojiita combattants walizuia tamasha za wanamuziki waliowaona karibu na utawala. Fally Ipupa alipoimba Bercy tarehe 28 Februari 2020, moto uliwashwa karibu na stesheni ya Gare de Lyon. Walikuwa wanadai haki kwa inchi yao. Lakini mwanamuziki na msikilizaji aliyelipa tiketi ndio waliobeba mzigo.

Serikali nayo haijaacha. Mwezi wa Novemba 2021 tume ya sensa ilikataza Nini tosali te wa kundi MPR, wimbo unaouliza kuhusu shida za wananchi. Katazo lilizusha kelele, likaondolewa upesi, na wimbo ukajulikana kuliko mbele.

Siku hizi simu imeongeza mlango mwingine. Tia wa RJ Kanierra, mwanamuziki wa Lubumbashi, ulisambaa kwa video fupi za watu wanaoucheza. Lakini hata kwenye simu, hesabu ya juu inaonyesha tu kwamba watu wengi wamebonyeza, ao wachache wamebonyeza mara nyingi.

Kwa hiyo mtu wa Kasungami akisikia jina la mheshimiwa ndani ya wimbo unaopigwa kila saa, hasa uchaguzi ukikaribia, ana haki ya kuucheza, na ana haki ya kuuliza nani amelipa. Kabasele alikufa mwaka 1983, Jean-Bosco mwaka 1990. Kila tarehe 30 Juni redio zinapiga tena Indépendance Cha Cha, na wanafunzi wa gita bado wanajifunza Masanga. Wagombea waliotajwa wamekwisha kufa, na hakuna tena anayelipia majina yao.