Jina la Milansi na Kigoda cha Ufalme

Huko Ufaransa, familia zenye mashamba ya mizabibu huandika jina la nyumba yao juu ya chupa ya mvinyo na kuchora ngao ya ukoo pembeni yake. Jina na alama vyaenda pamoja, na mnunuzi hahoji. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako leo kuna mji wa Sumbawanga, jina na alama ya ufalme vilitengana zamani sana, na kila kimoja kikabaki kwa ukoo wake.

Jina ni Milansi, ambalo hufasiriwa kuwa kijiji cha milele. Masimulizi ya Wafipa yasema kwamba mtawala wa kwanza wa hapo aliitwa Ntatakwa, yaani asiyetajika, naye alishuka kutoka mbinguni. Alama ni kigoda. Wafipa walisifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo zilizomzidi mtu kwa urefu, lakini ufalme wao haukusimuliwa kwa habari ya chuma wala ya mkuki. Ulisimuliwa kwa kitu cha kukalia.

Yasimuliwa kwamba mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe asimpe mgeni yeyote kigoda chake. Wakaja wanawake watatu wageni. Mkuu wao akaomba mahali pa kuketi, akapewa kigoda kile kile. Mwindaji aliporejea alikuta nchi imekwisha kupata mwenyewe mwingine. Wanawake hao ndio asili ya ukoo wa Watwa (wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo), ambao baadaye uligawanyika katika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile.

Je, kigoda kilitolewa au kilinyang'anywa? Kisa chenyewe hakiamui, nasi twaona kwamba hapo ndipo ilipo nguvu yake. Mtwa angeweza kusema kwamba alikaribishwa, na mtu wa Milansi angeweza kujibu kwamba aliyekaribisha hakuwa na idhini. Wote wawili walisimulia habari moja bila kupigana. Watwa walitawala, lakini hawakujiita Milansi. Ukoo wa kale ulibaki na kijiji chake, na heshima ya kutangulia.

Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu, na tangu hapo hakuna aliyetawala Ufipa kwa haki ya kigoda. Hata hivyo, mtaalamu Roy Willis, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya dola ya Ufipa mwaka 1981, alionyesha kwamba katika fikra za Wafipa Milansi ilikuwa kichwa, na Watwa walikuwa kiuno.