Saa ya Thomas Tompion na Kosa la Jina

Mfasiri akutanapo na jina la kitu asichopata kukiona, hushawishika kulifasiri jina na kukiacha kitu chenyewe. Mfano mmoja ni saa ndogo za Uingereza za karne ya 17, ambazo Kiingereza kilizipa jina la kiegemeo kinachopigiliwa ukutani. Afuataye neno kwa neno ataziita "saa za ukutani". Atakuwa amepotoka, kwani nyingi ziliwekwa mezani. Hatuna budi, basi, kuitazama saa yenyewe na fundi wake.

Fundi mashuhuri kupita wote wa saa hizo ni Thomas Tompion, aliyezaliwa mwaka 1639 katika jimbo la Bedfordshire, mwana wa mhunzi. Alifanya kazi London, karibu na Fleet Street. Mwaka 1676 saa zake mbili kubwa zilifungwa Greenwich, katika jumba la kifalme la kuchunguzia nyota. Alipofariki mwaka 1713 alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Zamani saa nyingi za nyumbani ziliendeshwa na vipande vya risasi vilivyoning'inia chini yake. Kwa hiyo zilihitaji kutundikwa juu, na yaelekea jina lile lilizaliwa huko. Kamani iliyofichwa ndani iliiondolea saa haja hiyo. Mtu huitia saa ufunguo, kamani hujikaza, nayo ikilegea huzungusha magurudumu yenye meno. Mwendo wenyewe huongozwa na timazi fupi, kwa mfano wa ile aliyoibuni Christiaan Huygens wa Uholanzi mwaka 1656.

Tompion aliziweka saa zake katika masanduku yaliyofunikwa kwa ubamba wa abunusi, mti ambao tusiuchanganye na mpingo wetu. Juu aliweka mkono wa kushikia, ili saa ichukuliwe toka chumba hadi chumba. Nyingi zilikuwa na uzi: mwenye nyumba aliuvuta gizani, na saa ikamgongea saa iliyokwisha kupita pasipo yeye kuwasha mshumaa. Kitu cha kubebwa namna hii hakiwezi kuitwa cha ukutani.

Waingereza wenyewe wamelitambua jambo hili: wataalamu wao wengi siku hizi huziita saa za mezani. Ingekuwa ajabu sisi kulipokea kosa ambalo wenyewe wanaliacha. Twapendekeza "saa ya mezani ya kamani", jina litajalo mahali pa saa na nguvu iiendeshayo. Kamani na akrabu ni maneno tuliyo nayo tangu zamani. Timazi ni ya waashi, nayo yafaa, kwani zote mbili ni uzito unaoning'inia. Istilahi ikosewayo leo kitabuni itafundishwa kesho darasani, na kuing'oa huko ni kazi ngumu kuliko kuiunda. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, mfasiri na amwulize fundi kitu hicho hufanya kazi gani.