Jina la Denhardt lilipita Mto Tana bila kuacha mrithi

MSOMAJI mmoja wa safu hii aliye Garsen ameniuliza swali lenye ncha mbili. Je, Denhardt, anayetajwa kila historia ya Witu inapotajwa, ni jina la namna gani? Na mbona Wajerumani waliokaa Witu na Ngao miaka yote ile hawakuacha familia hata moja inayoitwa kwa majina yao?

Nimelipenda swali hilo kwa sababu jibu lake halikomei Ujerumani. Linarudi papa hapa, kwenye madawati ya makarani wetu.

Tuanze na jina lenyewe. Denhardt ni jina la ukoo linalotokana na jina la mtu binafsi, Degenhard. Hili ni jina la kale la Kijerumani lililoundwa kwa maneno mawili. 'Degan' lilikuwa na maana ya shujaa au askari wa vitani, na 'hart' ni ngumu, imara, shupavu. Kwa hiyo, Degenhard ni shujaa asiyetetereka. Baadaye ndimi zikalifupisha. Sauti ya 'g' iliyo katikati ya irabu ikalainika, kisha ikatoweka, kama ilivyotokea Meginhard lilipogeuka kuwa Meinhard. Degenhard likazaa Deinhard, likazaa Denhard, likazaa na mengine mengi.

Mjerumani wa leo akilisikia neno 'Degen' hamkumbuki shujaa, anaukumbuka upanga mwembamba. Hilo ni neno jingine kabisa, lililoingia baadaye kupitia Kifaransa. Maneno mawili yamekutana kwenye sauti moja, mtu na silaha yake. Wapenzi wa ushairi wetu wa kale watatabasamu hapo, maana nasi tuna neno 'fumo'. Fumo ni mkuki wenye bapa pana, na fumo pia ni mtawala. Tunalo katika Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi yanamweka Ozi na Kipini, pale Tana inapomwaga maji baharini. Tunalo vilevile katika majina ya masultani wa Witu. Cheo kiligeuka jina, kama vile sifa ya ushujaa ilivyogeuka jina kwa Wajerumani.

Sasa, je, jina hili lina watu wangapi? Wajerumani wana njia nzuri ya kuchunguza jambo hilo. Wataalamu wao wa majina walichukua orodha za simu za mezani za mwaka 2005, wakaondoa kampuni na ofisi, kisha wakahesabu majina ya watu na kuyachorea ramani. Tangu 2012 wanaandaa kamusi ya kidijitali ya majina ya ukoo, na makao ya kazi hiyo yako katika mji wa Mainz. Ukizitazama hesabu za namna hiyo unaona jambo la kushangaza kidogo: majina machache yamebeba mamilioni ya watu, na majina mengi mno yamebeba watu wachache tu. Müller, yaani msagaji wa nafaka, ndilo linaloongoza. Yanafuata Schmidt, mhunzi, Schneider, mshonaji, Fischer, mvuvi, na Weber, mfumaji. Denhardt liko mbali sana huko chini, miongoni mwa majina adimu.

Kwa nini? Chukua msafara mmoja tu uliopita kwetu. Mwaka 1878, Clemens Denhardt alisafiri kuukwea Mto Tana pamoja na daktari aliyeitwa Gustav Fischer. Kwa hiyo, katika msafara ule kulikuwa na jina moja la kawaida mno na jingine la nadra. Fischer ni jina la kazi. Kila kijiji kilicho kando ya maji kilikuwa na mvuvi wake, hivyo jina lilizaliwa mara maelfu katika koo zisizojuana. Denhardt, kinyume chake, lilihitaji kwanza awepo baba aitwaye Degenhard, na awepo wakati ule hasa ambapo majina ya baba yalikuwa yanaanza kurithishwa kwa wajukuu na vitukuu. Mtindo huo ulianza kushika katika miji ya kusini na magharibi mwa Ujerumani kuanzia karne ya 12, ukasambaa polepole. Akina baba wa jina hilo hawakuwa wengi.

Sababu ya pili ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Jina lile moja lilivunjwavunjwa na kalamu. Padri wa parokia hii aliandika Degenhardt, mwenzake wa bonde la pili akaandika Dehnhardt, wa tatu Denhard, wa nne Dehnert, wa tano Denhardt. Kila mmoja aliandika alivyosikia. Kisha tarehe 1 Januari 1876 usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ukaanza kutumika kote katika dola ya Ujerumani, na kilichokuwa kimeandikwa kikaganda. Hata tahajia ya Kijerumani iliposanifishwa mwaka 1901, majina ya ukoo hayakuguswa. Hiyo 'dt' unayoiona mwishoni mwa Denhardt ni masalio ya uandishi wa zamani ambao hakuna aliyethubutu kuufuta.

Kwa hivyo, ukiyarudisha matawi yote kwenye shina la Degenhard, si jina adimu hivyo. Ukihesabu Denhardt peke yake, ni la nadra. Uhaba wake umetokana na damu kwa kiasi fulani, na kwa kiasi kingine ni kazi ya karani.

Jina hilo limetembea pia. Huko Marekani, Henry Denhardt alikuwa naibu gavana wa jimbo la Kentucky kuanzia 1923 hadi 1927. Wanafunzi wetu wa utawala wa umma nao wanamfahamu Robert Denhardt, aliyeandika pamoja na Janet Denhardt kwamba kazi ya serikali ni kumhudumia raia, si kumwendesha.

Turudi Tana. Clemens na mdogo wake Gustav Denhardt walirejea pwani yetu wakiwa na shabaha ya ardhi na biashara. Mwezi Aprili 1885 walitia saini mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, Mnabahani aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, akawapa sehemu ya nchi yake. Sultani alitafuta mlinzi dhidi ya Sultani wa Zanzibar. Akina Denhardt walitafuta koloni. Tarehe 27 Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Mambo hayakudumu. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliwaachia Waingereza Witu, na yenyewe ikapewa kisiwa cha Heligoland. Wenyeji wa Witu hawakuulizwa. Septemba mwaka huo Mjerumani aitwaye Küntzel na wenzake waliuawa Witu, na Oktoba majeshi ya majini ya Waingereza yakauteketeza mji. Akina Denhardt walibaki wakiidai serikali yao fidia.

Upande wa Ngao, si mbali na Garsen, hali ilikuwa tofauti. Wamisionari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walifika mwaka 1887, wakakaa kwa muda mrefu zaidi. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi na msamiati wa Kipokomo kabla karne ya 19 haijaisha. Jina lake linatokana na neno la mimea ya viungo. Tungesema Bwana Viungo. Aliyewatangulia wote pwani, Johann Ludwig Krapf, alibeba jina lenye maana ya kulabu, na pia la kitumbua cha kukaangwa kwenye mafuta, binamu wa andazi letu. Mwenzake Rebmann alikuwa mtu wa mizabibu.

Majina yote hayo yalipita Tana au pwani ya karibu. Hakuna lililozaa. Katika madaftari ya wanafunzi ambayo nimeyashika kwa zaidi ya miaka 30, nimesoma majina mengi ya Tana River. Sijakutana na Denhardt wala Würtz.

Sababu iko katika ubatizo. Mmisionari alipombatiza Mpokomo hakumpa jina la ukoo wake mwenyewe. Alimpa jina la Biblia: Yohana, Yakobo, Maria. Hilo lilikaa mbele. Nyuma yake lilibaki jina la baba au babu, na hilo ndilo lililokuja kuwa jina la ukoo. Kwa hiyo, jina la Mjerumani halikupata pa kukaa. Fischer pekee alipata mrithi wa aina yake: ndege mmoja wa misitu ya pwani, wa kijani, mwenye kishungi na mbawa nyekundu, ambaye wanasayansi wamempa jina lake. Kiswahili nacho kiliokota 'shule' na 'hela' kutoka kwa Wajerumani wa Tanganyika. Maneno yalibaki, majina yakaondoka.

Hebu sasa tuangalie hayo yaliyokaa nyuma ya Yohana na Maria. Mengi ya majina ya bonde la Tana ni ya Kioromo, lugha ya Waorma na jamaa zao wa kaskazini, na hueleza saa au hali ya kuzaliwa. Roba amezaliwa mvua ikinyesha. Guyo amezaliwa mchana, Galgalo jioni. Jilo amezaliwa wakati wa sherehe ya kimila. Godana amezaliwa watu wakiwa safarini, wanahama. Majina ya asili hiyo yamo pia kwa Wapokomo wakulima, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Wimbo wa taifa letu ulizaliwa kutokana na bembelezi la Kipokomo linalohusishwa na Mzee Meza Morowa Galana, na 'galana' kwa Kioromo ni maji makubwa, bahari. Mkulima na mfugaji wameoleana, wamepigana, wamepatana, na katika hayo yote wamepeana majina.

Ndiyo maana huwa nashtuka nikimsikia mtu mwenye elimu yake akisema, "Huyo ni wa upande ule, sikia jina." Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana, huko Riketa, Kilelengwani, Kipao na kwingineko. Katika msimu kama ule jina hugeuzwa ushahidi. Lakini ni ushahidi mbovu. Jina Jilo linakueleza kulikuwa na sherehe alipozaliwa mtu fulani zamani. Halikuelezi mjukuu wake analima au anachunga, wala amemkosea nani.

Na sasa majina haya yanaganda, kama Degenhard lilivyoganda. Kuganda kulianza na kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande kilimtaka Mwafrika awe na jina moja la kudumu, na kabila moja. Kikafuata cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha mtihani. Zamani Roba alikuwa ni mtoto aliyezaliwa mvuani. Leo binti aliyezaliwa katikati ya kiangazi anaitwa Roba kwa sababu babu yake aliitwa hivyo. Jina limeacha kusimulia, limeanza kurithiwa. Si kosa, ni hatua ileile waliyopitia wakulima wa Ujerumani karne nyingi zilizopita.

Kosa liko kwenye kalamu. Kioromo kina sauti ya 'dh' ambayo si ile ya 'dhahabu'. Ni 'd' inayotamkwa kwa kuvuta pumzi ndani. Karani asiyeijua huandika anavyoona. Marehemu Dkt Bonaya Godana wa Marsabit aliandikwa kwa 'd'; Gavana Dhadho Godhana wa Tana River anaandikwa kwa 'dh'. Kuna Jilo na Jillo. Kwa watu mashuhuri tofauti hiyo haina madhara. Kwa mnyonge ina gharama. Nimewahi kuwapokea chuoni ndugu wawili, tumbo moja, majina mawili ya baba kwenye karatasi. Basari ya mmoja ilikwama hadi baba mzazi alipokula kiapo kwamba yeye ni mtu mmoja. Kesho itakuwa mirathi ya shamba, na baba wa kuapa hayupo.

Ujerumani ilikuwa na karne saba za kulivunjavunja jina la Degenhard hadi watu wa shina moja wakawa wageni wao kwa wao. Sisi tumeifanya kazi hiyo kwa vizazi vitatu au vinne, na bado tunaweza kuisimamisha. Wazee wanaojua kwa nini babu aliitwa Galgalo wapo. Walimu wa Kiswahili wa Garsen, Ngao na Hola wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi moja: kila mtoto aende nyumbani akaulize jina la ukoo wake lina maana gani, lilitoka lugha gani, na ndugu zake wanaliandikaje. Familia ikubaliane juu ya tahajia moja kabla ya kwenda kwa msajili. Naye msajili aulize, "Mnaliandikaje?" kabla ya kushika kalamu.

Zoezi hilo halihitaji bajeti. Na mtoto wa mkulima atakaporudi darasani na kukuta jina lake lina maana ileile katika daftari la mtoto wa mfugaji, mwalimu hatahitaji kusema neno.